Pete Kwenye Maganda ya Ndizi

...na huu nao msumari, tena msumari wa bati, wa ishirini na ngapi sasa, Nolasco akautupa mbali na kuinua tena mashine ya kutafutia vyuma, kiuno kinamkata, mashine gani hii, Hagenimana aliyemwazima anaringa nayo Bugomora nzima eti inanusa rupia za Wajerumani zilizofukiwa ardhini, lakini humu kibanjani, chini ya migomba, haijanusa ila vizibo vya soda, betri za redio, kipande cha mundu na kile kijiko ambacho mama alidai jirani kaiba, wakanuniana mwaka mzima... "Nolasco, chakula kinapoa!" mama huyo, toka jikoni, kana kwamba mtu aliyekimbiwa na mke ana hamu ya kula, siku ya nne leo Salvina yuko kwao Kibingo, siku ya nne, na pete yake ya ndoa haionekani, piii, piii, haya, chimba, mfuniko wa kopo, laana gani hii, mbolea, maganda, majani yaliyooza, miaka kumi na mmoja ya mapishi ya nyumba hii imemwagwa kwenye mashina haya, mtu ataanzia wapi, "niliivua kwa ajili ya utomvu, baba Edgar," ndivyo alivyosema Salvina, "nikaiweka kwenye jani nililokuwa namenyea ndizi, nikajisahau, nikalikunja na maganda yake nikaenda kumwaga," maneno mepesi, ya mtu asiye na la kuficha, naye akamjibu nini, tena mbele ya wanajumuiya waliokuja kusali, mama Placidia kashika rozari, kinywa wazi, "pete haitoki kidoleni yenyewe, sema umempa mwanaume gani"... mwanaume gani! aliyatoa wapi maneno yale, na Salvina hakulia, laiti angelia, alikwenda kunawa mikono tu, akamfunga Edgar mgongoni, akaondoka... piii, kizibo tena, potelea mbali, Jumapili akitokea kwa wakwe mikono mitupu watamwuliza umekuja na nini, lakini akiwa na pete, akiisugua mpaka ing'ae, akaiweka mezani mbele ya baba mkwe, nani atamfungia mlango...

"Unachimba huko mbali kufanya nini?" Mama yake, Kokwijuka, ametoka, kasimama kwenye kizingiti cha jiko na upawa mkononi. "Maganda alikuwa anamwaga hapa karibu, kwenye mgomba huu ulioinama. Na pete alikuwa anaivua kila siku akimenya, mbona mimi nilikuwa namwona?"

"Ulimwona? Mama, sasa mbona hukusema?"

"Wewe uliniuliza? Ulikuwa unafoka tu."

Hakumwuliza, ni kweli, hakumwuliza mama, hakumwuliza Salvina swali hata moja lililokuwa swali, akaburuta miguu hadi kwenye mgomba ulioinama, akashusha mashine, nayo hata haikusubiri, piii, kali, ndefu, siyo ya msumari hii, hii hapa, Jumapili atasema tazama mke wangu, nimeiona, sasa nakuamini... sasa? sasa kwa kuwa chuma cha Hagenimana kimelia? na isingelia je, angebaki mwongo, angebaki malaya, mwanamke aliyelala naye miaka kumi na mmoja, aliyemwuguza mama yake, na Salvina si mjinga, ataitazama pete, kisha atamtazama yeye usoni, atauliza swali hilo hilo, na atajibu nini, Mungu wangu, atajibu nini, "chimba basi, kwani umeona nyoka?" mama anasema, mashine inalia, inalia palepale shinani, na Nolasco kasimama na jembe, uso unamwaka kwa aibu, anashindwa kuinama.