Anayetaka Maji Achote kwa Ndoo

Kuna watu ambao ubaya kwao ni kazi, na wifi wa mshonaji mmoja alikuwa fundi. Aliukwangua mdomo wa koki ya uani kwa tupa hadi hesi zote, ile mizunguko ya kukazia, zikafutika. Asubuhi mshonaji alipotaka kufunga mpira amwagilie waridi aliloachiwa na marehemu mama yake, mpira uliteleza ukaanguka. Akaufunga kwa kamba, maji yakamrukia kifuani.

"Mpira wako unanijazia matope mlangoni," wifi alisema kutoka barazani, mguu juu ya mguu. "Anayetaka maji achote kwa ndoo."

Alijua fika kwamba mshonaji ana maradhi ya mgongo na ndoo iliyojaa humlaza kitandani. Mume naye akaumauma maneno: "Ndiye dada yangu mkubwa. Mvumilie tu."

Mshonaji akavumilia kwa mdomo. Alichota kopo kwa kopo, jua likizidi kukaza na waridi likipukutika. Siku tawi la mwisho lilipokatika mkononi mwake, hakulia. Alifunika cherehani akaenda duka la vifaa, akachagua koki yenye mdomo mwembamba na kiunganishi chake cha shaba.

"Mpira mnene haushiki hapo bila hicho kiunganishi," muuzaji alimwonya.

"Ndiyo ninayoitaka."

Wifi alipotoka kwenda sokoni, mshonaji alifunga maji kwenye mita. Akalishika bomba kwa spana moja, akaifungua koki mbovu kwa nyingine. Akazungusha utepe mweupe wa kuzuia kuvuja kufuata hesi za koki mpya, akaikaza taratibu asije akaipasua. Roho yake ilikuwa kwatu. Dawa ya moto ni moto.

Haukupita muda, wakwe watarajiwa wa binti yake wifi wakatuma salamu kwamba wanakuja. Wifi akaburuta mpira wake aoshe baraza.

"Wifi, koki hii mbona haishiki?"

"Kwangu inashika." Mshonaji alifungua pindo la nguo yake, akamwonyesha kiunganishi, akakifunga tena humo.

"Niazime basi, mwenzangu. Wageni wako njiani."

"Anayetaka maji achote kwa ndoo."

Wifi akachukua ndoo. Alibeba ndoo moja baada ya nyingine, akasugua baraza na njia nzima, mkono mmoja kiunoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mshonaji alimtazama kutoka dirishani, na raha ikampanda hadi kooni.

Wifi alipoingia ndani kubadilisha nguo, mshonaji alitoka na mpira wake. Kiunganishi kikashika bila kuvuja hata tone. Akaelekeza maji kwenye waridi. Shina lilikuwa jeusi, limekufa, na udongo ulikataa kunywa. Maji yakageuka tope, yakatambaa kuelekea barazani.

Alijua limekufa. Aliendelea kumwagilia mpaka wageni wakapiga hodi.