Koti la Clifford

Tulimzika Clifford siku ambayo Cleethorpes nzima, mji wetu wa pwani, ilikuwa inachemka. Sisi Waingereza joto hatuliwezi, lakini kulikiri mbele za watu ni aibu. Basi kanisa zima lilikaa na tai hadi kooni, kila mmoja akimsubiri mwenzake awe wa kwanza kuvua koti. Hakuvua mtu.

Miaka arobaini mimi na Clifford tulichekesha watu katika ukumbi wa gatini. Mchekeshaji alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa kuuliza tu. Kila kiangazi aliingia jukwaani na koti zito la sufu, jasho likimtiririka, nami nikamuuliza, "Clifford, koti la nini joto lote hili?" Jibu halikuwa lile lile hata siku moja.

"Mke wangu kasema nisilivue mpaka mvua inyeshe. Nikadhani, kwa Uingereza hii, ni dakika tano tu."

Au, "Nimeliiba, bwana. Nikilivua, mwenyewe atalichukua."

Watu hoi.

Sasa Beryl, mjane wake, alinishika mkono mlangoni. "Wilf, leo usinichekeshee watu. Muage kama binadamu. Hujawahi kumwambia kwamba unampenda."

"Na yeye hakuniambia, shemeji. Tungechekana."

"Leo hawezi kukucheka. Mwambie."

Nikasimama mbele. Koti lilikuwa limetandazwa juu ya jeneza. Nikasema, "Clifford alikuwa rafiki yangu," watu wakacheka. Nikasema, "Jamani, nasema kweli," wakacheka zaidi. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Fanya haraka, Wilf, tutamfuata kwa joto hili!"

Hasira zilinipanda. Miaka arobaini sikuchekwa hata kwa bahati mbaya, na siku nisiyotaka ndiyo wananimwagia vicheko. Nikaligeukia jeneza, kama nilivyozoea kumgeukia mwenyewe kila nilipokwama, na swali likanitoka.

"Clifford, koti la nini joto lote hili?"

Nikanyamaza, nimpe nafasi. Watu nao wakangoja, tabasamu zikiwa tayari midomoni. Nilijua hatajibu, ila masikio yangu yalikuwa bado hayajui. Tukangoja hadi tabasamu zikawaisha, na Beryl akaangua kilio.

Alipotulia aliinuka, akalichukua lile koti na kunivika. "Lako sasa," akasema.

Nililivaa hadi makaburini, nimefunga vifungo vyote. Jasho na machozi yalikuwa kitu kimoja, nikashukuru. Watu walipita mmoja mmoja wakinipa mkono, wakisema jua kali leo. Hakuna aliyeniuliza koti la nini. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu.

Walipokwisha kuondoka nikainama juu ya udongo mbichi, nikajijibu mwenyewe.

"Nasikia baridi, Clifford. Nilikupenda, na sasa nasikia baridi."

Hakucheka mtu.