Kimo cha Hatua ya Mama

Krrr, krrr, krrr. Mahali fulani nyuma ya ukuta wa gereji tairi lilikuwa likitafuna bati, na Shema, aliyelala chali chini ya gari la mtu mwingine, akacheka kabla hajaona kitu.

"Huyo ni papa," akajisemea, maana gari la baba yake alilijua kwa sauti. "Gisenyi yote hakuna pikapu ingine inajikula namna hii."

Kweli pikapu ikaingia, pua imeinama kama ng'ombe anayelamba chumvi. Mzee Karekezi alikuwa kwenye usukani. Pembeni yake alikaa mkewe, Mukankusi, amepakata kikapu cha zawadi kana kwamba safari imekwishaanza.

"Fundi mukubwa!" mzee akaita. "Kesho ni Nyakiriba, kwa dada yako Akaliza. Mutoto anapewa jina. Na hii voiture yako inakula matairi."

"Voiture yangu? Siku ilikuwa haina shida, ilikuwa yako!"

Mukankusi alicheka, akashuka taratibu, mkono mmoja kwenye mlango. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu mvua zianze. Hakuna aliyethubutu kumshika. Kesho angemwona mjukuu wake wa kwanza, tena mbele ya wakwe.

Shema aliingia uvunguni. Mbele, pikapu ile haikuwa na springi za kawaida. Ilibebwa na vyuma viwili virefu, mafundi wakiviita bare, vinavyojipinda kama nguo inayokamuliwa. Ukikaza boliti ya mwisho wa bare, pua inapanda, ukiilegeza, inashuka. Akapiga jeki magurudumu yakaning'inia, akapaka oili kwenye nyuzi za boliti zenye kutu, akakaza huku akihesabu: mizunguko mitatu kushoto, mitatu kulia.

Mitatu ilitosha. Lakini tangu utotoni Shema alikuwa amesikia watu wakiicheka pikapu ya baba yake, na leo spana ilikuwa mkononi mwake. Akaongeza mitano kila upande. Akashusha jeki, akaisukuma gari mbele na nyuma mpaka ikatulia, ndipo akapima kwa kijiti kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bati. Kushoto na kulia sawasawa.

"Angalieni! Sasa inatazama mulima Nyiragongo macho kwa macho!"

"Iko muzuri sana, mwanangu," Mukankusi alisema, akaenda kupanda.

Aliinua mguu wa kulia. Goti likakataa. Akajaribu wa kushoto, na la kulia likashindwa kumbeba. Akarudisha mguu chini, akanyoosha kitenge chake kama mtu aliyekuja tu kukagua mlango.

"Nikubebe, mama?"

"Unibebe? Mi niko mugonjwa wa ngobyi?"

Shema akarudi nyuma hatua moja. Ngobyi ni ile machela ambayo wanaume humbeba nayo mgonjwa mabegani, na kijiji kizima hutoka kutazama.

"Tutabeba kigoda," mzee akasema.

"Kigoda! Ili wakwe waseme mama ya Akaliza anatembea na ngazi yake?" Akamwekea mumewe kikapu mikononi. "Bon. Muende nyinyi. Mutakuja kuniambia jina ya mutoto."

Alisema kwa utani, lakini alitazama pembeni, na Shema aliona. Mashavu yakamchoma. Alikuwa amepima gurudumu, amepima bati, amepima kila kitu isipokuwa yule atakayepanda.

Akaokota matofali manne, akayapanga moja juu ya jingine.

"Mama, weka mguu hapa juu."

"Wee! Unanipima kama mbuzi ya soko?"

"Mbuzi haina maneno mingi hivyo. Weka."

Akaweka. Kwenye la nne akakunja uso. Shema akaondoa moja. Kwenye matatu alipumua vizuri, hata akampiga mwanawe kofi la mapenzi kisogoni. Shema akapima kimo cha matofali matatu kwa kile kijiti, akakitia alama ya chaki, akarudi uvunguni. Jeki tena, spana tena. Ile mitano ya majivuno akairudisha yote, mzunguko kwa mzunguko, kisha akaisukuma gari mbele na nyuma. Kizingiti cha mlango kikaja sawa na chaki, na tairi likapita bila kugusa bati.

Mukankusi akaweka mguu, akashika mlango, akajivuta. Akakaa. Akanyoosha mkono kudai kikapu chake.

Mzee Karekezi alikuwa ameinama akitazama tumbo la gari. "Na yale mawe ya kilima ya Nyakiriba? Na kimo hii, itagonga."

Hilo lilikuwa kweli. Kuiinua gari hakukuwezekana tena, na mawe hayangepungua. Shema, kijana ambaye hakukubali hata kuonekana barabarani ameshika mwavuli wa mama yake, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama kwenye dirisha la Mukankusi.

"Mama, kesho kwenye mawe mi nitashuka. Nitatembea mbele ya gari, nimuonyeshe papa jiwe moja moja, mpaka kwa mulango ya Akaliza. Na hata wakwe wote wakinicheka, utaingia pale na miguu yako mwenyewe. Mi Shema nimesema."