Pampu Mbili Ndooni

Pampu ilikufa Jumanne asubuhi, na Valeriu hakujua. Angejuaje, na masikio yake aliyaacha kiwandani, miaka thelathini akiendesha kreni katikati ya vishindo vya chuma? Aligundua alipoona maji hayapandi tena kutoka tangi la chini, lile la kabatini, kwenda tangi la juu wanakoishi samaki na matumbawe yake. Akawasha kipampu cha hewa wasife, akavaa koti aende kununua nyingine ya aina ileile.

Ndipo alipomwona mkewe, Saveta, amesinzia kwenye kiti cha sebuleni, kitabu mapajani.

Saveta hakuwa mtu wa kukaa sebuleni. Kwa miaka sita, tangu tangi liingie hapo, alikuwa akimaliza kupika anashika mkoba na kwenda kwa dada yake jengo la pili, eti dada anaumwa miguu. Valeriu alimhurumia shemeji yake hata akamnunulia dawa ya kuchua. Sasa alisimama pale na koti lake, aibu ikamshika. Miguu gani hiyo isiyopona miaka sita?

Akamgusa bega. "Saveta, ile pampu ilikuwa na kelele?"

"Kelele gani?" akajibu haraka mno, kwa ile sauti ya juu aliyozoea kumsemesha.

"Saveta."

"Basi, kidogo. Kama mtu anasaga kahawa, halafu hamalizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha, mzee. Na ningekwambia usingesikia."

Wakaenda dukani pamoja, sasa kutafuta isiyo na kelele. Tincuța, mwenye duka, aliwawekea ndoo ya maji na pampu mbili, moja ndogo, moja kubwa.

"Mzee Valeriu, usidanganywe na boksi," alisema kwa sauti ya juu, maana alimjua. "Hii ndogo wameandika lita elfu tatu kwa saa, lakini hizo ni za maji yasiyopanda popote. Kwako yanapanda mita moja na nusu, utapata nusu yake. Samaki wataishi vizuri. Ila yale matumbawe ya pembe, ya zambarau, yanataka maji ya nguvu. Hayo itabidi umpe mtu. Ukichukua kubwa, yote yanabaki. Kelele jisikilizieni wenyewe."

Yale ya zambarau Valeriu aliyapata yakiwa kipande cha ukubwa wa ukucha. Leo yalikuwa mapana kuliko sahani.

Tincuța akawasha ndogo. Valeriu hakujisumbua kutega sikio, alimtazama mkewe. Saveta alikuwa ametulia, anasoma bei za vyakula vya samaki ukutani. Ikazimwa, ikawashwa kubwa.

"Hii ndiyo yenyewe," Saveta akasema papo hapo. "Haisikiki kabisa. Tuchukue hii twende zetu."

Lakini taya lake lilikuwa limekaza, na vidole viwili vilikuwa vimeshapanda kwenye kipaji cha uso. Mkono huo Valeriu alikuwa ameuona kila jioni kabla mkoba haujachukuliwa, akadhani ni uchovu wa jiko. Aliweka kiganja kwenye ndoo. Ndoo nzima ilikuwa inatetemeka.

Akaizima mwenyewe. "Tufungie ile ndogo."

"Valeriu, na yale ya zambarau?"

"Tincuța atayatafutia mtu." Alisema hivyo ingawa yalimuuma, tena sana.

"Nimeshakwambia haisikiki," Saveta alikazana, amekasirika kweli. "Wewe husikii hata kengele ya mlango. Umejuaje?"

"Nimekutazama," alisema Valeriu. "Miaka sita nilikuwa natazama samaki."

Saveta akainamia ndoo kama anayekagua pampu, akabaki ameinama hivyo. Tincuța akaenda nyuma kutafuta boksi, na hakufanya haraka kurudi.