Dawa ya Mara Moja

Wasomi wana ugonjwa wao: kazi ikiwaendea vizuri, hudhani kila mtu atafurahi. Daktari, mwalimu wa chuo kikuu aliyebobea katika mambo ya udongo, aliugua ugonjwa huo siku ile ile aliyowaonyesha wafadhili matokeo yake.

Wafadhili hao walikuwa kampuni ya pembejeo. Serikali ilichangia utafiti kwa sharti kwamba kampuni nayo ichangie, chuo kikatoa maabara na jasho. Kilichotafutwa ni dawa ya mnyauko, ule ugonjwa unaozikuta nyanya zimesimama asubuhi na kuziacha zimelala jioni. Daktari alikuwa na sababu yake ya kuuchukia. Mdogo wake, mkulima, alikuwa amelizwa na mnyauko msimu baada ya msimu, na shamba hilo hilo ndilo lililomsomesha yeye dada mtu.

Akaipata dawa. Walikuwa bakteria wema, aliowalea chupani kama vichanga. Ukiwamwaga udongoni wanaukaba mnyauko koo. Shamba la mdogo wake likafanywa kiwanja cha majaribio. Mdogo mtu alitia sahihi bila kusoma, maana karatasi ililetwa na dada. Msimu huo nyanya zilisimama mpaka mwisho, na alipovuna alimpigia dada yake simu akawa anacheka tu, maneno yamemwishia.

Basi kikaoni, meneja wa masoko wa kampuni akauliza kama mkulima atanunua dawa hiyo kila msimu.

"Hapana," Daktari akajibu, uso umemchanua. "Mara moja inatosha. Wakishakaa udongoni wanazaana wenyewe. Mkulima harudi tena dukani."

Watu wa chuo wakapiga makofi. Upande wa pili wa meza hakuna aliyepiga, na yeye, masikini, hakuliona hilo.

Kampuni ingejitoa ingekuwa nafuu. Haikujitoa. Kwa mkataba dawa ilikuwa mali yake, nayo ikaamua isitengenezwe. Chupa zikateketezwa. Viwanja vya majaribio vikaamriwa vinyunyiziwe sumu ya kuua kila chenye uhai udongoni, asije mtu akachota kiganja cha udongo akawaotesha bakteria kwake. Hiyo ndiyo waliyoiita kusafisha.

Daktari alimwendea mkuu wa idara akamwomba shamba moja tu lisamehewe. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake hayatoki mezani.

"Tukiwakatalia wanaondoka, na wao wakiondoka serikali nayo inafunga mkono," akasema. "Wanafunzi wote wa maabara hii wanarudi makwao. Shamba moja, Daktari. Mimi nifanye nini?"

Daktari alilitafuta jibu njia nzima ya kwenda shambani, ndani ya gari la kampuni, amekaa ubavuni mwa msimamizi aliyetumwa kushuhudia, madumu ya sumu yakigongana nyuma, miguuni pa vibarua. Alikuwa amepiga moyo konde kwamba atamwambia mdogo wake ukweli, amtukane akitaka, amfukuze akitaka.

Mdogo wake aliwapokea anakimbia. Aliyaona madumu, akafurahi zaidi.

"Dada, umeniletea tena? Si ulisema mara moja inatosha?"

Msimamizi alikuwa amesimama karibu, anasikia. Lakini tusimsingizie msimamizi. Ni uso wa yule ndugu uliomshinda Daktari, uso usio na hata chembe ya shaka. Badala ya ukweli, akausikia mdomo wake ukisema jambo la uongo kuliko yote aliyowahi kuyasema.

"Nilikosea, mdogo wangu. Mara moja haitoshi."

"Usijali. Nani asiyekosea?" akamwambia, na akampigapiga begani, yeye akimfariji dada yake.

Msimamizi alitaka vibarua wake wafanye kazi. Mdogo wake Daktari akakataa kwa heshima. Hakuna mgeni atakayekanyaga matuta yake. Akavaa glavu na barakoa, akabeba bomba la kunyunyizia mgongoni, akaanza. Daktari alisimama ukingoni akamtazama akienda na kurudi, tuta baada ya tuta, na kila alipopita udongo uligeuka mweusi kwa unyevu. Alitaka kulia, akaogopa kuulizwa kinachomliza.

Dumu la mwisho lilipokwisha, mdogo wake alikuja akivua barakoa, jasho linamtiririka. Msimamizi alikwisha kurudi garini.

"Mpaka pembeni nimefika, dada," akasema. "Nimerudia mara mbili, ikolee. Mwaka huu wanangu wote wanakwenda shule."

Daktari akamwambia ahsante, kisha akaenda kupanda gari.