Mama Alipotembelea Makao Makuu

Mama alishuka stendi asubuhi, begi begani, na neno la kwanza kumtoka lilikuwa, "Haya, mwanangu, nipeleke unapolala, nikanyooshe miguu."

Binti akacheka cheko la kujibaraguza. "Kwanza tuzunguke kidogo, mama. Watu wanatoka mbali kuja kuuona mji huu."

Kwenye simu alikuwa amemwambia anakaa ghorofani, mkabala na wizara anayomwagilia bustani zake. Uongo ulianza mdogo tu, ili mama asihangaike, kisha ukaota mizizi. Ukweli ni kwamba alipanga chumba cha mabati nyuma ya kilima, mahali ambapo ramani ya mji haikufika. Waliouchora mji kwa rula, kabla hata tofali la kwanza halijawekwa, waliwakumbuka mawaziri, mabalozi na hata bata wa bwawani. Wafagiaji na wamwagilia bustani waliwasahau.

Basi akamzungusha. Barabara pana isiyo na mtu, bunge na kuba lake, ziwa la kuchimbwa. Kivuli hakuna, miti ilikuwa bado mifupi, imepangwa mstari kama watoto wa chekechea.

"Hapa nyanya wananunua wapi?" mama akauliza.

"Huku ni ofisi tu, mama. Hakuna soko."

"Makubwa! Sasa hao wakubwa wanakula saruji?"

Kwenye geti la wizara mlinzi akainuka. "Shikamoo, mama. Naona leo dada yetu kawa mtembeza wageni!"

"Marahaba, baba. Hebu mwambie anionee huruma, miguu imevimba kama mihogo."

Binti akaitazama ile miguu. Ilibaki kidogo tu aseme twende nyumbani. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine: "Kwangu wanapaka rangi, mama. Ile harufu itakuumiza kifua. Basi la jioni lipo."

Mama akalipandisha begi begani.

"Nilikuja kuona unapolala wewe, si wanapolala mawaziri," akasema taratibu. Afadhali angegomba. "Kama sitakiwi, si ungeniambia kwenye simu?"

"Si hivyo, mama..."

"Basi, yaishe. Kazi njema, mwanangu."

Jioni mama akapanda basi. Mkono alipunga, ila uso aliuelekeza mbele.

Binti akavuka kilima kwa miguu, macho chini. Jirani yake, mama mmoja mcheshi aliyepanga chumba cha pili, alikuwa amefagia uwanja mzima. Godoro lake mwenyewe alikuwa ameliegemeza mlangoni kwa binti, bado lina joto la jua.

"Haya, mgeni wetu yuko wapi? Maji ya kuoga tayari. Wewe utabanana kwangu na wanangu, mama apate kujinyoosha."

"Amerudi."

"Amerudi? Mama mzazi, bila hata kuingia ndani?" Jirani akashika kiuno, akautazama uwanja alioufagia. "Jamani. Tumemkosea nini?"

Binti akaliinua godoro, akaanza kulirudisha chumbani kwa jirani. Jirani akaenda kuepua sufuria ya maji.