Sinia Lisilo na Embe

Siku ile Ba'mdogo wangu alipika bila wali, na hilo ndilo lililonishtua. Nilitoka kuoga nikakuta jikoni sufuria zinatoa mvuke kama garimoshi: mchuzi wa ng'ombe, kuku wa kukaanga, maini, na samaki mzima aliyenitazama kwa jicho moja kama aliyewahi kuniona mahali. Wali hakuna. Viazi hakuna. Hata kipande cha mkate cha kudanganyia hakuna.

Nikamuuliza wageni watakula milima hiyo ya nyama na nini. Akacheka kile kicheko cha mtu mwenye siri, akafuta mikono kwenye taulo la saluni.

"Hali wali yule," akasema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema, mimi nakula mboga tu."

Nikatafuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa.

Mgeni mwenyewe ni Mama Miwani, mwenye duka la miwani linalotazamana na saluni yetu. Ba'mdogo ni kinyozi, na mimi, tangu nimalize shule, naosha vichwa pale kwake, kwa hiyo sinema hii nimeitazama tangu mwanzo. Kwanza alikuwa anamleta mwanawe kunyolewa. Mwana akaenda chuoni, mama akaendelea kuja bila kichwa cha kunyoa. Anakaa kiti cha pembeni anaongea, Ba'mdogo ananyoa anasikiliza. Siku moja akasema kwamba katika ndoa yake iliyovunjika alikuwa anaongea na gazeti, maana mume alikuwa amejificha nyuma ya gazeti hilo. Kisha akasema, "Lakini wewe, Kinyozi, unasikia mtu." Mashine ikasimama hewani. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, alikohoa mpaka akachoka.

Mamdogo, mke wa Ba'mdogo, alifariki nikiwa mtoto. Tangu hapo nyumba yetu ina viti sita na watu wawili. Kumkaribisha Mama Miwani, tena na dada yake, kulimchukua Ba'mdogo msimu mzima wa kujikuna kidevu. Na sasa mtu aliyependwa kwa ajili ya masikio yake alikuwa amesikia vibaya neno moja, tena hilo la mboga.

Simcheki, ingawa nilicheka. Tangu tumezaliwa tunaulizana leo mboga nini, na mtu anajibu nyama bila haya. Mboga ni chochote kinachosindikiza wali. Ila mimi nimemwona Mama Miwani akila mchana dukani kwake: maharage, karoti, parachichi. Siku mteja mmoja alipotugawia soseji, yake aliipeleka kwa paka wa jirani, akidhani hakuna anayemwona.

"Ba'mdogo," nikamwambia, "alimaanisha mboga za majani. Huyu mama hagusi kitu chenye damu."

Akazitazama sufuria moja baada ya nyingine, kama mtu anayetambua washtakiwa. Kisha akatafuta pa kukaa, na kwa kuwa ndoo nilikuwa nimeiwahi, akakalia mtungi wa gesi. Akasema basi tuchemshe maharage. Moto ukapepesa mara mbili ukazimika. Samaki alikuwa amemaliza gesi yote. Akasema basi atampigia simu, aseme anaumwa. Nikamwambia akisema hivyo, Mama Miwani atakuja mbio na dawa, na harufu ya maini itampokea mlangoni.

Hapo ndipo liliponijia wazo la sinia. Niliwahi kufanya kibarua cha kuhudumia kikao cha madaktari hotelini, na saa ya mapumziko waliletewa sinia kubwa la matunda na jibini. Halipikwi, halichemshwi, na watu wazima walilizunguka kama kuku wanaomwagiwa mtama. Ba'mdogo akasema jibini ni sabuni iliyokosa povu. Nikamwambia leo si yeye anayekula.

Duka la maziwa liko mwisho wa mtaa. Nilishika kipande cha njano, kigumu, kizuri, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza adabu ya kuuliza, nikamwambia muuzaji kwamba mlaji hagusi nyama ya aina yoyote. Akaninyang'anya kile kipande. Hiki, akasema, huganda kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Nikajifuta vidole. Akanipa cha njano kingine kisicho na ndama ndani, na cheupe laini kilichogandishwa kwa ndimu. Nikapitia matunda: zabibu, tufaha, nanasi, papai, na embe moja lililonukia hadi nikaona aibu kulibeba mbele za watu.

Nyumbani nilimkuta Ba'mdogo amevaa koti lake jeupe la kazi. Kibao cha kukatia kilinuka samaki, kwa hiyo alitandika kitambaa kipya juu ya meza. Kisu alikiosha kwa sabuni na maji ya birika, akakinoa kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea wembe. Nilipoanza kukata tufaha akaninyang'anya kisu, akasema namjeruhi mteja. Mikono yake ilitulia. Jikoni kwenye nyama alikuwa akitapatapa kama mwizi. Hapa, mbele ya nanasi, alikuwa fundi. Alilizungushia kisu, akang'oa macho yake kwa mistari ya mshazari, na halikubaki hata doa. Vipande vya tufaha nikavipitisha kwenye maji ya ndimu visigeuke rangi, maana hilo nililishika hotelini.

Kisha akapanga. Jibini nyeupe katikati, mviringo. Zabibu pembeni zikafuata ukingo wa sinia, mstari umenyooka kama wa kwenye paji la uso. Papai na nanasi yakakaa kulia na kushoto. Nikamwambia hiki ni kichwa cha mwalimu mkuu wangu: upara, vinywele, na masikio. Akacheka, mara ya kwanza tangu gesi iishe.

Nikachukua embe. Akalitoa mkononi mwangu.

"Embe hapana."

Nikamuuliza kama embe nalo lina damu. Alilifungia kabatini kama mhalifu, akarudi kupunguza zabibu iliyotokeza nje ya mstari.

Sufuria tulizipeleka chini ya kitanda changu, tukazifunika vitambaa vya kunyolea. Tukafungua madirisha. Ba'mdogo akapulizia sebuleni dawa ya baada ya kunyoa, nyumba ikanuka saluni iliyokaanga samaki.

Wakaja. Mama Miwani alikuwa na gauni la kijani na miwani ambayo sijawahi kuiona. Dada yake mkubwa, nilikuja kujua kwenye kusalimiana, ni afisa afya mstaafu. Maisha yake yote kazi ilikuwa kuingia majikoni mwa watu na kunusa. Shikamoo yangu ilikosa nguvu nusu ya njia.

Dada Mkubwa alikaa, akalisifu sinia kwa kichwa tu, kisha pua ikaanza kazi. Ilitazama dirisha, ikatazama mlango, ikatulia upande wa chumba changu.

"Kuna samaki humu," akasema.

Nilikuwa na uongo tayari, wa jirani. Sikuitwa Mdomo na Ba'mdogo kwa bahati mbaya. Nikaufungua, lakini Ba'mdogo akainua kiganja, kama anavyomzuia mteja anayetikisika.

"Yupo," akasema. "Na kuku, na ng'ombe, na maini. Wako chini ya kitanda cha huyu." Akamgeukia Mama Miwani. "Uliniambia unakula mboga tu. Nikasikia mboga. Nikadhani wali ndio huupendi."

Hakuna aliyecheka. Mama Miwani alivua miwani akaanza kuifuta kwa upindo wa mtandio, na bila miwani uso wake haukusomeka. Dada Mkubwa akamtazama mdogo wake.

"Na huyu ndiye uliyesema anasikia," akasema, taratibu, bila ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Ba'mdogo alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Miwani akarudisha miwani, akalivuta sinia, akaligeuza polepole upande huu na upande huu, kama anayekagua kioo kabla ya kukitia kwenye fremu.

"Maembe yameisha sokoni?"

Nikamwambia yamejaa tele, tena moja limefungwa kabatini.

"Mbona hapa hakuna?"

"Yanakuwasha midomo," akasema Ba'mdogo, bado akiviambia viatu. "Ulisema siku ya mvua. Ulikuja na mwavuli uliovunjika ubavu."

"Siku ile ulikuwa unanyoa. Mashine ilikuwa inanguruma."

"Ilikuwa inanguruma," akakubali.

Mama Miwani akachukua kipande cha tufaha, akakiwekea jibini nyeupe, akala bila haraka. Alipomaliza akamwambia dada yake kwamba lile la embe alilisema mara moja tu, tena kwa kupita. Midomo yake ikaanza kutetemeka, na nilidhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta mlango.

"Dada, unakumbuka mama? Nilipomwambia nakula mboga tu?"

"Alikuchinjia kuku," akasema Dada Mkubwa. "Tena jogoo. Nilimla mimi."

Basi wakacheka wote, na Ba'mdogo akaviacha viatu vyake. Dada Mkubwa akainuka, akajinyoosha gauni, akasema chakula kikikaa chini ya kitanda ni lazima kikaguliwe, sheria ni sheria. Nikamwongoza. Alifunua kila sufuria, akanusa, akaanza na kuku.

Sebuleni sauti ya Mama Miwani ilianza upya, ya chini, habari ndefu isiyo na mwisho. Ya Ba'mdogo haikusikika kabisa. Nikaegemea mlango nijue anaambiwa nini.

Dada Mkubwa akanivuta sikio.

"Hayo yana mwenye kuyasikia," akasema. "Wewe pakua maini."